Fundi Bakiri na Walinzi wa Tai

Kila mwaka, mvua za Novemba zinapoanza kupiga mabati ya Yeoville, mtaa wa Johannesburg, simu ya Bakiri huanza kulia kuliko kawaida. Wanaopiga si wateja. Wateja wake wanajua pa kumpata: ana chumba kimoja nyuma ya saluni ya Wakongo, kimejaa sponji, mbao na makochi yaliyovuliwa nguo, na mtu akitaka kochi lake lishonwe upya hulileta tu mlangoni. Wanaopiga ni watu wa makumbusho, watu wa redio, wanafunzi wa chuo wanaoandika tasnifu. Wote husema kwa upole uleule kwamba wanajua ni jambo zito, lakini kama angekuwa tayari, wangeomba asimulie tena jinsi alivyopigwa risasi na Walinzi wa Tai.

Naye huenda. Kwa karibu miaka thelathini amekuwa akienda. Huvaa kanzu yake ya Ijumaa na koti juu, hukaa mbele ya watu, husema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, kisha huletewa chai na biskuti. Mkewe, Tabia, aliwahi kumwambia kwamba siku akirudi kutoka huko anakuwa kama mtu aliyebeba magunia.

Bakiri ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani. Sasa ana miaka hamsini na minne. Ni mrefu, mkimya, na bega lake la kushoto halinyanyuki vizuri, kwa hiyo kitambaa cha kochi hukivuta kwa mkono wa kulia na kukibana kwa goti. Alikuja Johannesburg kijana wa miaka ishirini na mbili, mwaka wa tisini na tatu, kwa malori na kwa miguu, pamoja na rafiki aliyempata njiani huko Lusaka. Rafiki huyo aliitwa Seif, Mzanzibari. Walipofika hawakujua mtu. Walipata kazi kwenye kiwanda cha matofali upande wa magharibi wa jiji, wakalala chumba kimoja, na kila alfajiri walipelekwa kazini kwa pikapu ya mzee mmoja Mtswana aliyekuwa dereva wa kiwanda. Pamoja nao alipanda kijana wa Lesotho. Watu wanne, basi.

Wakati ule nchi ilikuwa inangojea uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote, na wako waliokuwa hawautaki. Bakiri na Seif hawakuyafuatilia hayo. Walikuwa wageni, hawana kura, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuhesabia matofali.

Alfajiri moja ya Desemba pikapu ilikuta matairi yamepangwa barabarani. Wanaume wa Kizungu, wamevaa kaki, na kwenye mkono wa shati kila mmoja ana kibandiko cha tai aliyekunjua mabawa. Walisema ni polisi. Dereva aliwaangalia, akamwambia Bakiri kwa sauti ya chini kwamba hawa si polisi, lakini bunduki zilikwisha kuwa dirishani. Wakashushwa, wakakalishwa kwenye mtaro wa maji kando ya barabara. Mmoja akawauliza wako chama gani.

Seif ndiye aliyejibu. Alisema, "Sisi si wa hapa."

Mtu mmoja alicheka. Kisha wakapiga.

Bakiri alipigwa begani, akaanguka kifudifudi, na Seif akaangukia juu yake. Alilala hivyo, hakujitikisa. Alisikia buti zikipita karibu na kichwa chake. Alisikia mazungumzo kwa lugha ambayo hakuielewa, milango ya magari ikifungwa, halafu hakuna kitu. Jua lilipopanda dereva wa gari la mikate aliona pikapu iko peke yake, akasimama. Kati ya wanne, watatu walikuwa wamekwisha kufa.

Watu wa kundi lile walijiita Arendwag, yaani Walinzi wa Tai kwa Kiafrikana. Bakiri aliijua historia yao baadaye, akiwa amekaa kwenye benchi la mahakama na mkalimani wa Kikenya aliyetafutwa kwa shida akimnong'oneza sikioni. Aliisikia tena mbele ya tume ya ukweli, wauaji walipokwenda kuomba msamaha wa serikali wakidai walikuwa vitani. Na kwa kuwa aliisikia mara nyingi, anaijua kama anavyojua njia ya kwenda msikitini.

Kundi halikuanza na bunduki. Lilianza katika ukumbi wa kanisa la mji mdogo, mwishoni mwa miaka ya themanini, pale muuza matrekta mmoja mwenye sauti nzuri alipowaita majirani zake kuwaambia kwamba Mungu aliwapa nchi hii babu zao na sasa inauzwa. Wanawake walileta keki. Watoto walicheza nje. Mkutano wa pili ulikuwa na watu wengi zaidi, wa tatu ukawa na bendera. Vibandiko vya tai vilishonwa na wake zao. Kimoja kililetwa mahakamani kama kielelezo, na Bakiri, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kujifunza ufundi, aliona kwamba kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo, ya mtu aliyekaa akatulia. Jambo hilo lilimkaa moyoni kuliko picha za maiti. Alishindwa kuelewa mama gani huyo, amekaa sebuleni kwake, anapitisha sindano.

Muuza matrekta aliwafundisha kupiga kwata Jumamosi. Aliwaambia watu weusi wakipata kura watawachinja vitandani. Uchaguzi ulipokaribia akawaagiza waweke vizuizi barabarani, wakamate silaha. Silaha hazikupatikana. Walipatikana wafanyakazi wa kiwanda cha matofali.

Baada ya uchaguzi hakuna aliyechinjwa kitandani, na kundi likaanza kusambaratika. Walishtakiana usaliti. Walioitwa makamanda walisema hawakutoa amri, na waliopiga wakasema waliamriwa. Aliyeongoza kizuizi siku ile, mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa, alinyimwa msamaha na akafa gerezani kwa saratani. Muuza matrekta hakushtakiwa kwa lolote kubwa. Alihamia pwani, akafa kwa uzee, na picha ya mazishi yake ilitoka gazetini ikiwa na viti vingi vitupu. Wengi walidhani kundi limekwisha. Halikwisha, lilihamia kwenye simu. Miaka ya karibuni wanafunzi wanaomtembelea Bakiri wamekuwa wakimwonyesha tai yuleyule kwenye kioo, na chini yake vijana waliozaliwa baada ya uchaguzi wakiandika maneno ya muuza matrekta neno kwa neno.

Ndiyo maana waliendelea kumwita. Na kila alipomaliza kusimulia alifunga kwa maneno mamoja, ambayo aliyasema mara ya kwanza mbele ya tume na hakuyaacha tena: "Watatu walikwenda. Mimi Mungu aliniacha ili niseme." Hapo watu hupangusa macho.

Kwa miaka mingi Bakiri aliyaamini. Yalimsaidia. Mtu aliyeamka chini ya maiti ya rafiki yake anahitaji sababu, na hiyo ilikuwa sababu yake. Lakini yalianza kupungua uzito, kama kitambaa kinavyochakaa pale panapokaliwa kila siku.

Mwaka jana, kwa mfano, vijana wenye fulana za rangi moja walipita Yeoville wakiwafungisha wageni maduka. Wote walikuwa weusi kama yeye. Walimkuta amepiga magoti, pini mdomoni, akinyoosha kitambaa cha kochi la mama mmoja wa Soweto. Wakamuuliza yeye wa wapi, na karatasi zake ziko wapi. Bakiri alitoa pini mdomoni, akainuka, akawaonyesha kitambulisho, maana amekwisha kuwa raia siku nyingi. Mmoja alikiangalia pande zote mbili akasema kinaweza kuwa cha bandia. Wakaondoka, wakaenda kwa kinyozi wa Kimalawi. Jioni Tabia alimkuta bado amekaa juu ya kochi lile ambalo halijaisha. Alimwuliza kama wamempiga.

"Hawakunipiga," alisema. "Nimechoka tu, mama Sumaiya."

Wiki chache baada ya hapo alipigiwa simu na mwanamke aitwaye Dineo, wa shirika moja la kanisa lililoko Randburg. Kazi yao ni kuwakutanisha watu waliotendeana mabaya, kama wenyewe wakitaka. Dineo alisema kuna mtu anaomba kumwona. Jina lake Kobus. Bakiri alilijua jina hilo. Alikuwa mdogo kuliko wote pale kwenye kizuizi, miaka kumi na tisa, na mahakamani alilia mpaka hakimu akaahirisha kesi. Alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, akatoka, akafanya kazi ya kurekebisha mageti ya umeme.

"Anataka nini?" Bakiri aliuliza.

"Anataka kuomba radhi. Na ana jambo jingine anasema atakuambia mwenyewe. Huna wajibu wowote wa kukubali, Mzee."

Tabia alikataa kabla hajamaliza kumwambia. Ni mwanamke wa Pangani, mpole, lakini kwa hili hakupindisha. "Wewe umekuwa mswala wa umma," alisema. "Kila anayetaka kutubu anakuja kupiga magoti kwako. Sasa na mwenyewe aliyekupiga? Mwambie aende kwa Mola wake."

Bakiri alikwenda kumwuliza Léonce, fundi cherehani wa Burundi aliyepanga chumba cha jirani, Mkristo, ambaye naye ameona makubwa kwao na hayasemi. Wanaazimana mikasi na hawaulizani mengi.

Léonce alizima cherehani. "Bon," alisema, "mimi siwezi kukuambia enda, siwezi kukuambia usiende. Kwetu kuna mtu aliua baba yangu, na nilikuwa nakutana naye sokoni ananunua nyanya. Sikumwuliza kitu. Sasa amekufa, na maswali yamebaki kwangu. Kama weye uko na swali, enda uulize. Kama hauna, kaa hapa tufanye kazi."

Bakiri alikuwa na swali. Alikuwa nalo tangu siku ile, na wala hakuwahi kulisema mahakamani kwa sababu hakuna aliyemwuliza kama analo.

Walikutana Randburg asubuhi, katika ofisi ya ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi. Chumba kilikuwa na zulia la kijivu, viti vinne na jagi la maji. Binti yake, Sumaiya, alimsindikiza. Sumaiya ni mzaliwa wa hapa, muuguzi, miaka ishirini na sita. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na ukimlazimisha anacheka kwa aibu. Alikaa karibu na baba yake, mkoba mapajani.

Kobus alikuwa amekwisha kufika. Bakiri alimtafuta yule kijana wa mahakamani asimwone. Aliona mtu mnene, kipara, mikono ina makovu ya nyaya, amevaa shati jeupe lililonyooshwa vibaya. Alisimama, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha kabla haujakataliwa. Wakaongea Kiingereza, ambacho wote wawili walikipata ukubwani.

Aliomba radhi. Alikuwa ameyakariri, ilionekana. Aliwataja marehemu watatu kwa majina yao, jina la Seif akilitamka vibaya. Bakiri alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia." Dineo aliandika kitu kwenye karatasi yake, halafu akaiweka kalamu chini.

"Nina swali," Bakiri alisema.

"Uliza chochote."

"Mlikuwa wanane. Mlikuwa na risasi. Mlisimama juu yangu, nilisikia miguu yenu. Kwa nini mliondoka kabla hamjahakikisha?"

Kobus alitazama jagi la maji. "Hukuambiwa mahakamani?"

"Mahakamani mlisema mliona gari linakuja. Hakukuwa na gari. Nilikuwa pale. Gari la kwanza ni la mikate, na jua lilikwisha kupanda."

"Ni kweli," Kobus alisema. "Hakukuwa na gari. Wakili ndiye aliyetwambia tuseme hivyo." Alijifuta kipara kwa kiganja. "Ilikuwa ni ng'ombe. Kamanda alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Wafanyakazi wake walikuwa wanafika na geti limefungwa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Alisema akichelewa watakaa bure na watamdai malipo ya saa hizo. Akasema twendeni. Sisi wenyewe tulikuwa tumekesha, tuna baridi, tulitaka kulala. Tukaenda."

Bakiri hakuelewa mara moja. Alimwangalia Sumaiya kana kwamba lugha ndiyo iliyomshinda. Sumaiya alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Ng'ombe," Bakiri alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe? Mahakamani ilisemwa wewe ndiye uliyekuwa na tochi. Nilisikia mtu mmoja amebaki nyuma kidogo. Ulinimulika?"

Sauti ya Kobus ilibadilika. "Niliambiwa nihakikishe. Mimi ndiye niliyebaki nyuma. Watu wa kanisani kwangu nimewaambia kwamba nilikuona macho yako yako wazi, nikazima tochi, nikasema wote wamekufa. Wamenipenda kwa ajili ya hadithi hiyo. Hata mke wangu anaiamini. Nilikuwa nimepanga kukuambia wewe pia. Lakini sikuona kitu. Sikutazama. Niliogopa kutazama, basi nikamulika majani tu, nikakimbilia garini."

Nje gari la taka lilikuwa linarudi nyuma, likilia. Walingoja likamaliza.

"Asante kwa kusema kweli," Bakiri alisema. Alisema kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru daktari aliyemletea habari mbaya.

Jambo jingine la Kobus lilihusu mwanawe. Kijana ana miaka kumi na minane, anaishi naye, ana tai kifuani, amejichora kwa wino wa kudumu. Usiku anazungumza na wenzake kwenye kompyuta. Alimwambia baba yake kwamba alikwenda gerezani kwa heshima na akatoka akaitupa. Kobus amejaribu kumpeleka kwa mchungaji, kwa mjomba, kwa mshauri. Sasa alikuwa anaomba Bakiri aje nyumbani kwake, akae na kijana, amwonyeshe bega.

"Akikuona," alisema, "labda atajua kwamba mlikuwa watu."

Sumaiya aliinua kichwa. Alitaka kusema kitu, baba yake akamgusa mkono.

"Bwana Kobus," Bakiri alisema, "mimi nimelionyesha bega hili shuleni, kanisani, redioni, ambako hata halionekani. Nimeonyesha watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Nimechoka kuwa dawa. Mwanao hataniamini mimi, ataniona nimelipwa. Mwambie wewe. Mwambie ya ng'ombe. Mwambie kwamba jeshi lile lilivunja kambi kwa sababu ya ufunguo wa geti, na wewe ulimulika majani."

"Atanidharau."

"Huenda," Bakiri alisema. "Mimi nitafanyaje?"

Wakaagana bila kushikana mikono. Kwenye ngazi Sumaiya alitaka kumshika baba yake kiwiko, baba akakataa, akashuka akishikilia ukuta.

Njiani kurudi, walipokuwa wamesimama kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huko, Sumaiya akiendesha, Bakiri alianza kucheka. Alicheka polepole, bila sauti, mabega yakitikisika, moja zaidi ya jingine. Sumaiya aliogopa. Alimwuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi.

"Miaka yote hii," alisema, "nimesema ni Mungu."

"Labda ni Mungu, Baba. Labda alitumia ng'ombe."

"Labda. Lakini Seif naye alikuwa na Mungu."

Sumaiya akaondoa gari, wakarudi Yeoville.

Siku zilizofuata hakufanya kazi vizuri. Alikosea vipimo vya kochi ambalo angeweza kulishona amefumba macho. Tabia alipoambiwa habari ya ng'ombe hakucheka wala hakulia. Aliweka sufuria chini, akakaa, akasema, "Kwa hiyo wale wafanyakazi waliokuwa wanangoja getini ndio waliokuokoa, na wenyewe hawajui." Bakiri alikuwa hajalifikiria hilo. Alilichukua, akalala nalo. Anasema lilimpa kitu cha kushika, ingawa hajui ni nini hasa.

Mwezi huo makumbusho walimpigia kumkumbusha siku yake ya kuzungumza. Alikwenda, maana alikwisha kuahidi. Lakini safari hii alisimulia yote, pamoja na ng'ombe, na pamoja na tochi iliyomulika majani. Na alipofika pale alipozoea kusema Mungu alimwacha ili aseme, alisema kwamba hajui kwa nini alibaki. Watu hawakupangusa macho. Walijigeuzageuza vitini. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama alikuwa anamaanisha kwamba kundi lile lilikuwa la wajinga tu.

"Hapana," alijibu. "Watu watatu walikufa. Nasema tu kwamba tulizoea kuwaona wakubwa. Walikuwa watu wenye ng'ombe na usingizi, na walituua kisha wakaenda kunywa kahawa. Kama ningejua walikuwa mashetani ningepumzika zaidi."

Baada ya chai, yule mama wa makumbusho alimshukuru, akasema kwa upole kwamba mwakani labda wangerudi kwenye simulizi ya kwanza, inafaa zaidi kwa watoto wa shule. Bakiri alimwambia mwakani hatakuja. Alisema wanayo sauti yake kwenye kanda, ya miaka yote, waitumie watakavyo. Mama yule alidhani amekasirika, akaanza kuomba radhi. Hakuwa amekasirika. Alimwomba tu amwonyeshe mlango wa karibu na kituo cha teksi, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.

Kobus alipiga simu mara moja, mwezi wa Februari. Alimweleza mwanawe yote. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita msaliti na mwoga, akakusanya nguo zake, akaenda Cape kwa wenzake. Mkewe naye, baada ya kujua kwamba hadithi ya kanisani ilikuwa ya uongo, hazungumzi naye ila kwa mambo ya nyumba. Kobus hakulalamika. Alisema alitaka tu Bakiri ajue kwamba alilifanya.

"Pole," Bakiri alimwambia, na alishangaa kuona kwamba alimaanisha. Kisha akasema ana mteja mlangoni, ingawa hakuwa naye.

Jumapili moja baada ya adhuhuri, Bakiri alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, redio inasema peke yake. Sumaiya alikuja, akaizima, akakaa chini na kuegemea ukuta. Alikuwa ametoka zamu na bado amevaa viatu vyake vyeupe.

"Baba," alisema, na safari hii alijaribu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno. "Seif... alikuwa mtu gani?"

Bakiri alifumbua macho. Katika miaka yote, hakimu, tume, redio na wanafunzi walimwuliza Seif alikaa wapi mtaroni, alipigwa risasi ngapi, alisema nini. Majina ya wauaji yameandikwa vitabuni pamoja na vyeo walivyojipa. Hili la Sumaiya hakuna aliyewahi kuliuliza.

Ilibidi afikiri kwanza, maana Seif alikuwa amekuwa mtu wa sentensi moja. Akaanza na vitu vidogo. Alisema Seif alikuwa mfupi na akikataa kwamba ni mfupi. Alisema alifua shati lake kila jioni, hata kama ni la matofali, na alilitandika chini ya godoro ili linyooke. Alikuwa mwizi wa karata. Aliogopa mbwa kupita kiasi, na njia nzima kutoka Lusaka kila kijiji chenye mbwa kiliwachelewesha. Alidharau mapishi ya watu wa Tanga na alikula yote. Mtu mmoja kiwandani alimwambia kwamba huko Cape kuna ndege wasioruka, wanatembea wima kama watu, nao ni weusi kwa weupe. Seif hakuamini. Alisema Wazulu wanawafanya wageni wajinga. Lakini alikuwa amepanga, kazi ikiisha, waende wote wawili wakahakikishe.

"Penguin," Sumaiya alisema.

"Hao hao."

"Kwa Kiswahili wanaitwaje?"

"Sijui. Yeye aliwaita kuku wa Wazungu."

Sumaiya alicheka, akajifunika mdomo, akamtazama kuona kama imeruhusiwa. Baba yake naye alikuwa anacheka, amelala chali, mkono wake mzuri juu ya macho. Aliendelea kusema. Alirudia mengine, akasahau jina la mtaa wa kwao Seif, akalitafuta, akaliacha. Tabia aliweka chai kando yake ikapoa. Alisimulia mpaka adhana ya alasiri, akajiinua kwa kuegemea bega la binti yake, akaenda kutawadha.